Njia Iliyokuwa Safi Mno

Watu wa Bukavu wakikuuliza unafanya kazi gani na ukawajibu kwamba unatunza njia za miguu, wanakaa kimya wakisubiri uendelee. Wanadhani umetoa nusu ya jibu. Mimi nimezoea. Huwa naongeza kwamba natunza pia vibustani vya mtaa wetu wa Nguba na vile vichochoro vinavyoshuka ziwani, na hapo ndipo wanaposhangaa zaidi. Njia inatunzwa? Si inajitengeneza yenyewe watu wakipita?

Kweli inajitengeneza, ila kwetu inajibomoa haraka zaidi. Mji umejengwa juu ya vilima vilivyochovya miguu ziwani. Mvua moja ya nguvu inageuza njia kuwa mfereji, na jirani mwenye tamaa anasogeza ukuta wake kidogo, mwakani anausogeza tena, mpaka njia iliyowatosha watu wawili kupishana inabaki ya mtu mmoja mwembamba. Ndiyo sababu chef, yaani kiongozi wa mtaa wetu, aliunda kamati ya njia, akaniweka niiongoze. Nadhani alinichagua apate kupumzika, kwa maana nilikuwa namsumbua kwa maswali kila nilipokutana naye. Nina ugonjwa wa kuuliza. Nikiona mtu amegeuka ghafla barabarani, siwezi kuendelea na safari yangu kabla sijajua amesahau nini nyumbani.

Hapa nataka kusimulia habari za njia moja tu. Inaanzia barabara ya juu, inapita katikati ya kuta mbili ndefu za nyumba za wakubwa, na inaishia ufukweni, kwenye kipande kidogo cha changarawe ambapo wavuvi wa sambaza hufikia asubuhi. Pale chini ipo nyumba moja ya mbao, na ndani yake anaishi mama mmoja mjane. Anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu ambao bila wao sijui tungekula ugali wetu na nini. Yeye hapandi mlima. Magoti yake yalikataa zamani. Anapokea samaki mlangoni pake, anawamwaga ndani ya beseni, na wateja ndio wanaomfuata. Kwa maneno mengine, njia ile ndiyo duka lake. Asipopita mtu, hauzi.

Kabla hatujaigusa, njia ile ilikuwa aibu tupu. Udongo wake mwekundu ukilowa uliteleza kama sabuni. Watu walishuka wakishikilia kuta kwa mikono miwili, na niliwahi kumwona bwana mmoja mwenye suti akimalizia safari yake kwa makalio, mkoba kifuani, uso umetulia kama mtu aliyepanga iwe hivyo. Lakini walipita. Walishuka kuchota maji mabomba yalipokauka, kufua, kununua sambaza, kuoga, au kukaa tu kulitazama ziwa siku ya Jumapili baada ya misa.

Basi tukaamua kuitengeneza. Tuliifanya kwa salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi ambayo kila nyumba hutoa mtu. Wanaume walivunja mawe, akina mama tukabeba mchanga kichwani, na fundi mmoja kutoka Kadutu akatupangia ngazi nzuri ajabu, pana, kila moja imelala sawasawa. Tukachimba mfereji wa maji pembeni. Halafu, kwa kuwa ninatunza pia bustani, nikaona haya kuacha udongo mtupu kandokando. Nikaleta maua mekundu kutoka kwenye kibustani cha mzunguko wa barabara. Mwenzangu mmoja akaleta majani ya kupanda. Mwingine akaleta chokaa, tukapaka kingo za ngazi zikang'aa. Siku tulipomaliza tulisimama barabarani tukaitazama, na nakiri kwamba nilitokwa na machozi. Nguba kulikuwa na ngazi kama zile ndani ya viwanja vya matajiri tu.

Mvua za kwanza zilipokuja, nilikwenda makusudi kutazama watu watakavyofurahi. Nilijikinga chini ya bati la kibanda kilicho ng'ambo ya barabara. Akatokea mama mmoja na ndoo kichwani, akafika kwenye ngazi zetu, akazitazama, akapita. Alikwenda mbele kidogo, akaingia kwenye korongo, lile bonde la maji machafu linalotokea mbali na kwa mama wa sambaza, akaanza kushuka ziwani ndani ya matope, huku ndoo inayumba. Nikasema labda ana neno lake kule. Akaja mwingine, naye akaingia korongoni. Akaja mzee na mkongojo, akasimama mbele ya ngazi, nikafurahi. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Alipomaliza, akalifuata korongo.

Niliduwaa. Mvua ilikuwa inanyesha, ngazi ziko karibu kavu, mfereji unafanya kazi yake vizuri kabisa, na hakuna hata mguu mmoja. Nikarudi nyumbani kichwa kinauma kwa kuwaza. Labda ngazi ni ndefu mno kwa wabeba ndoo? Labda kuna mlevi anayewatoza watu pale chini? Labda mtu alisema pana mzimu? Nguba hatukosi watu wa kusema hivyo.

Kwanza nilidhani tatizo ni kutojua. Tukatengeneza kibao cha bati, tukakipaka rangi ya bluu na kuandika kwa herufi kubwa: NJIA YA WATU WOTE. Tukakisimamisha juu kabisa. Baada ya hapo hata wale wachache waliokuwa wanapita siku za jua, wakaacha.

Sasa hapa ndipo niliposhuka mwenyewe kumwona mama wa sambaza, kwa sababu nilijua yeye ndiye anayeumia. Nilimkuta ameketi kando ya beseni lake. Lilikuwa limejaa, na jua lilikuwa limepanda. Sambaza hawangoji, ikifika mchana wanalegea, na anayewataka ni paka. Alikuwa ameanza kuwaanika juu ya nyavu, lakini wakavu hawana faida kwake, maana wale wa Minova wanaleta wakavu wengi kwa mashua kuliko anavyoweza yeye.

"Maman, biashara inaendelea namna gani?" nikamuuliza.

"Inaendelea na nani?" akasema. "Tangu mulijenga hii escalier yenu, hizi ngazi, batu bamepotea. Sasa nitafanya nini? Mutoto wangu ule mwenye iko Katana ameniambia niende kukaa kwake. Nimeanza kufunga vyombo."

Nilitazama ndani nikaona kweli, masufuria yamefungwa ndani ya kitenge. Mama huyu alimzika mumewe hapa, alizaa hapa, na mapafu yake yamezoea harufu ya ziwa hili kila asubuhi. Tulikuwa tumemjengea njia ili ile ya matope isimuue mtu, na njia hiyo ilikuwa inamhamisha.

Mambo yakazidi. Jirani wa ukuta wa kushoto, bwana mpole mwenye nyumba ya ghorofa, akaenda kwa chef wa mtaa. Alisema, kwa adabu zote, kwamba njia ile haina mtu, kwamba mahali patupu panakaribisha wezi, na kwamba yeye yuko tayari kuweka lango la chuma kule juu na kuitunza kwa mfuko wake. Mama wa chini angepewa ufunguo wake mwenyewe. Simlaumu, hata mimi ningeogopa wezi. Chef akaniita, akaniambia Jumamosi baada ya salongo atakuja kuangalia kwa macho yake. Akikuta watu wanapita, itabaki. Akikuta hamna, lango litawekwa. Ufunguo ungemsaidia nini yule mama? Si yeye aliyetakiwa kupita.

Nilikasirika. Nikasema haiwezekani, lazima nijue. Nikachukua kigoda nikaenda kukaa kwenye mdomo wa korongo, na kila aliyekuja nikamuuliza bila haya.

Wa kwanza alikuwa mama muuza maparachichi, miguu imejaa tope hadi magotini.

"Maman, juu ya nini unapita mu matope na escalier iko pale?"

"Ile? Ile iko ya mutu, maman."

"Ya mutu gani?"

"Mimi sijue. Lakini si unaona namna iko propre, safi vile? Iko na maua. Maua inajipandaka yenyewe?"

Nikamwacha apite. Akaja baba mmoja na gunia la makaa mgongoni, nikamuuliza lile lile. Aliweka gunia chini apate kunijibu vizuri, ndivyo alivyoona swali langu ni zito.

"Naogopa kuchafua," akasema. "Makaa inadondoka. Balinzi batanifukuza."

"Balinzi gani, papa?"

"Balinzi ba mwenye nyumba."

"Uliwaona?"

"Hapana. Lakini nyumba ya namna ile haiwezi kosa balinzi."

"Hakuna nyumba, papa. Ni escalier tu!"

Alinitazama kwa huruma. "Maman," akasema, "escalier ya namna ile inakosa nyumba ku mwisho?"

Na mwanafunzi mmoja wa kike, vitabu kifuani, alinimaliza kabisa. Nilimwuliza kama amesoma kibao. Alikisoma. "Ni ile plaque njo iliniogopesha," akasema. "Plaque iko ya projet, ya mradi. Nikasema labda banaandika kwanza mazina ya batu, na jina yangu haiko."

Nilicheka mpaka nikashikilia ukuta, na wakati huo huo nilitaka kulia. Kwa kuwa walikuwa na haki! Nilijiuliza mwenyewe: mimi, nikikuta mahali ngazi zimepangwa sawasawa, kingo zimepakwa chokaa na maua yamenyweshwa maji, ningeingia? Nisingeingia. Ningesema hapa kwa mtu, nikapita mbali nisije nikaitiwa mbwa. Katika mji wetu kila kitu kilichotunzwa kina mwenyewe, na kile cha wote tunakijua kwa matope yake. Hakuna aliyetufundisha hivyo, tumeishi tu tukaona. Sisi wa kamati tulikuwa tumechukua njia ya watu tukaivalisha nguo za kiwanja cha tajiri, halafu tukashangaa watu hawabishi hata hodi.

Nikaita kamati. Tulikaa kwangu, tukabishana jioni nzima. Mmoja alitaka tung'oe maua. Mwingine akasema tung'oe kibao kwanza, na hilo tukakubaliana mara moja. Yule aliyeleta chokaa alinuna, akasema hawezi kuchafua kwa mikono yake kitu alichokipendezesha kwa mikono yake. Mzee mmoja akatoa wazo la kwamba Jumamosi sisi wenyewe na watoto wetu tupande na kushuka bila kupumzika mpaka chef atakapoondoka. Nilikataa. Chef anatujua sura, na watoto wangu wangemwambia ukweli kwa pipi moja. Tena ningepata nini? Jumatatu njia ingekuwa tupu vilevile, na beseni limejaa.

Kesho yake nilishuka tena ziwani. Nilishuka polepole, nikiangalia kila kitu, kama daktari anayempapasa mgonjwa asiyejua anaumwa wapi. Ngazi zilikuwa nzuri. Maua yalikuwa yamechanua. Nilipofika katikati nikasimama, maana kuna kitu kilikuwa kinakosekana na sikujua ni kitu gani. Kulikuwa kimya. Nilisikia maji yakigonga changarawe. Nilisikia viatu vyangu. Hapo nikakumbuka kwamba siku za matope hukuweza kusikia maji pale, kwa sababu ya sauti ya yule mama. Alikuwa anaita sambaza wake kuanzia kunapopambazuka, sauti kubwa, inapanda baina ya zile kuta mbili mpaka barabarani, na watu wa juu walikuwa wakiisikia wanachukua sahani.

Nikamalizia ngazi zilizobaki mbiombio.

"Maman! Siku hizi sikusikie ukiita. Koo inakuuma?"

"Koo iko muzima," akasema.

"Sasa?"

Aliona haya. Mama mtu mzima kama yule, alichezea ukingo wa kitenge chake kama msichana. "Nitapiga makelele mu fasi ya namna hii? Mulipanda maua. Mulipaka chokaa. Siku ya kwanza niliita, nikasikia sauti yangu inapanda ku escalier, nikasema, hapana, mwenyewe atasema nini?"

"Mwenyewe gani, maman?"

"Mwenyewe wa hii njia."

"Maman, mwenyewe wa hii njia ni wewe!"

"Mimi?" Akatazama beseni lake, akatazama ngazi. "Mimi niko na sambaza tu."

Nilimweleza habari ya lango. Nilimweleza habari ya Jumamosi. Nikamwomba aite, aite kama zamani. Akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa mimi mwenyewe: "Na kama naita mbele ya chef, na hakuna mutu anashuka?"

Nilimwambia tu kwamba asipoita, hakika hawatashuka.

Jumamosi ikafika. Salongo ilimalizika, na chef akaja moja kwa moja kutoka kazini, jembe begani, buti zimejaa tope. Jirani wa ghorofa alikuwa ameshafika, amevaa shati jeupe, ametusalimu wote kwa mkono. Tukasimama juu tukizitazama ngazi. Hapakuwa na kiumbe. Wala jani halikuanguka juu yazo.

"Chef, jionee mwenyewe," jirani akasema kwa upole. "Hata kuku haipite."

Chef akanitazama. Mimi nikatazama chini, kule changarawe, nikamwona mama ameketi kando ya beseni, mikono mapajani, mdomo umefungwa. Nilimkasirikia siku ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Chef akaanza kushuka ili aone vizuri, jirani nyuma yake, mimi nyuma yao.

Tulikuwa nusu ya njia alipoita. Sauti ilitoka ndogo, imekwama, kama mlango wa zamani. "Sambaza." Chef akasimama. Akaita tena, mara hii akiwa amesimama, mkono mmoja gotini: "Sambaza mubichi! Mukuje mbele haijaisha!" Na sauti ikapanda, ikatupita, ikaenda juu.

Kwa muda hakukutokea kitu. Halafu kule juu kikatokea kichwa cha mama mmoja, kikachungulia. Akasema kwa nguvu, bila kutujali: "Kumbe uko? Batu bamesema ulihamia!" Akarudi nyuma, akatokea tena na bakuli. Alipofika kwenye ngazi ya kwanza alivua kandambili zake zenye tope, akazishika mkononi, akashuka miguu mitupu. Nyuma yake akaja mwingine, naye akavua. Akaja baba mmoja amebeba sufuria, akazipangusa buti zake kwenye majani kwa muda mrefu kabla hajathubutu kukanyaga. Walitupita, wakisema pardon, pardon, na ngazi zikajaa nyayo zenye unyevu. Nilitaka kuwaambia wavae viatu vyao. Nikabanana na ukuta wapate kupita.

Hapo hapo mlango mdogo wa pembeni, katika ukuta wa jirani mwenyewe, ukafunguliwa. Akatoka mke wake, kitambaa kichwani, sahani mkononi. "Maman wa sambaza!" akaita. "Unibakizie! Batu bale bote basimalize!" Akamwona mumewe. Akamwona chef. "Bonjour, chef," akasema, akatupita akishuka kwa haraka ili asipitwe na wale wa bakuli.

Bwana yule alizitazama kucha zake. Chef alijitahidi kutocheka, lakini mabega yalimsaliti. Mwishowe akaegemeza jembe ukutani na kusema pale pale, katikati ya ngazi, kwamba hakuna haja ya kuzungumza zaidi: hakuna lango, njia inabaki wazi kama ilivyo, maua na yote.

Nilikimbia chini kumpa mama habari. Alikuwa amezungukwa. Kopo lake la kupimia lilikuwa linaingia na kutoka ndani ya beseni, huyu anadai nyongeza, yule anasema alifika wa kwanza, na yeye anawajibu wote kwa pamoja. Nikapenya, nikamwinamia sikioni.

"Maman, chef amesema njia haitafungwa! Umesikia? Haitafungwa!"

Hakuinua hata macho. Alijaza kopo la mke wa jirani, akaongeza kidogo juu, kisha akatazama kule juu ambako watu wengine walikuwa wamekwama kwenye msururu, viatu mikononi, wakimzunguka mtu mmoja mnene mwenye buti, jembe lake limeegemea ukutani.

"Aksanti," akasema. "Sasa umuambie atoke pale katikati ya escalier. Anafungia batu njia."